Gunpei Yokoi, Betri Nne na Boom Langu

Boom la muhula wa pili lilipoingia mwaka jana nilitenga laki moja na nusu kwa ajili ya kitu ambacho wana wa chumbani hawakukielewa hata kidogo: gemu ya mkononi. Si simu, wala si plestesheni ile ya kukodi kwa dakika nje ya geti. Nazungumzia kile kidude cha kushika kwa mikono miwili, skrini katikati, vibonyezo kushoto na kulia. Nilikuwa naenda TP kwenye shule moja ya sekondari mwambao wa Ziwa Nyasa, na nilikuwa na mpango nacho, nitaueleza baadaye.

Kazi ikawa kuchagua. Mmoja aliniambia nichukue chenye skrini kubwa inayong'aa, mwingine PSP ya mtumba. Mimi nilitaka kifaa cha kucheza gemu za dukani, zile za makampuni, na pia gemu za kienyeji. Naziita za kienyeji kama kuku: zile ambazo mtu anajiandikia mwenyewe nyumbani, bila kampuni wala kibali. Katika kuulizauliza huko ndiko nikakutana na maisha ya Gunpei Yokoi, mtu aliyefariki kabla sijazaliwa.

Yokoi alizaliwa Kyoto, Japani, tarehe 10 Septemba 1941. Alisoma elektroniki Chuo Kikuu cha Doshisha, na mwaka 1965 akaajiriwa Nintendo. Usidhani aliingia kwenye kampuni ya kompyuta. Nintendo ya wakati huo ilikuwa kampuni ya karata, na ilikuwa ikizitengeneza tangu 1889. Mhitimu wetu alipewa kazi ya kuhudumia mashine za kiwandani zisiharibike. Wenzangu mnaoogopa kwamba digrii itawapeleka kwenye kazi isiyofanana nayo, huyu hapa mwenzenu.

Sasa, mashine zikiwa nzima fundi hana cha kufanya. Katika muda huo wa bure alijitengenezea mkono wa kuchezea: ukibana mishikio, unakunjuka na kwenda kushika kitu kilicho mbali. Rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, akamwona nao. Yokoi alipoitwa ofisini alijua anakwenda kukaripiwa. Badala yake aliagizwa augeuze uwe bidhaa. Ukaingia madukani mwaka 1966 kwa jina la Ultra Hand, ukauzwa zaidi ya milioni moja, na fundi wa mashine akawa mbunifu wa vitu vya kuchezea.

Kuna kimoja cha mwaka 1969 ambacho kingepata soko kubwa hapa chuoni. Kiliitwa Love Tester. Mvulana na msichana wanashikana mikono, kila mmoja anashika kipande cha chuma kwa mkono uliobaki, umeme kidogo sana unapita katika miili yao, na mshale unaonyesha kiasi cha mapenzi. Ni upuuzi, na Yokoi alijua ni upuuzi. Ndani yake mlikuwa na kipima umeme cha kawaida tu, kama kile cha maabara ya fizikia. Lakini kiliwapa vijana wa Japani wa siku zile sababu ya kushikana mikono hadharani.

Hapo ndipo tabia yake ilipoanza kuonekana. Yokoi hakupenda kukimbilia teknolojia mpya. Alipenda ile iliyokwisha kukomaa hata ikaanza kunyauka, ambayo kila fundi anaijua na bei yake imeshuka, kisha akaitafutia kazi ambayo hakuna aliyeifikiria. Inasimuliwa kwamba siku moja kwenye treni alimwona mfanyakazi mmoja aliyechoka akipoteza muda kwa kubonyezabonyeza kikokotoo. Wakati huo makampuni ya Japani yalikuwa yanagombania soko la vikokotoo, na skrini na chipu zake zikawa rahisi kupita kiasi. Yokoi akachukua vitu hivyohivyo akatengeneza Game & Watch, gemu ya kuweka mfukoni iliyo pia saa. Ilitoka mwaka 1980, na kwa jumla aina zake ziliuzwa zaidi ya milioni 40. Mwaka 1982, katika moja ya hizo, aliweka kibonyezo chenye umbo la msalaba cha kuelekea juu, chini, kushoto na kulia. Angalia pedi yoyote ya gemu leo, msalaba ule au mjukuu wake bado upo.

Kisha Game Boy, Aprili 1989. Hii nilikaa nayo sana, kwa sababu ilikuwa inajibu swali langu. Mwaka uleule Atari walitoa Lynx yenye rangi, na mwaka uliofuata Sega wakatoa Game Gear, yenye rangi pia na taa nyuma ya skrini. Game Boy haikuwa na rangi wala taa. Ukikaa gizani huoni kitu. Chipu yake ilitokana na ukoo wa chipu za miaka ya 1970. Lakini ilikula betri nne ndogo, na hizo zilikwenda zaidi ya saa 10, wakati wapinzani walimeza betri sita kwa saa nne au tano hivi. Mzazi anayenunua betri hahitaji kufundishwa hesabu hiyo. Game Boy na mdogo wake wa rangi ziliuzwa karibu milioni 119. Wapinzani hawakufika hata karibu. Niseme ukweli, hakuwa peke yake: mhandisi Satoru Okada alibeba sehemu kubwa ya kazi ile, na simulizi nyingi humsahau.

Marekani iliuzwa pamoja na Tetris, ile ya matofali yanayoshuka. Hii Tetris ilikuwa ya kienyeji kabisa: Alexey Pajitnov aliiandika Moscow mwaka 1984 kwenye kompyuta ya ofisini kwake, kwenye kituo cha utafiti, wala hakuiandika kwa ajili ya duka lolote. Nikiwa darasa la tatu Mbinga mjini, mjomba aliniletea gemu ya plastiki ya matofali, ya Kichina, iliyotumia betri za saa ya ukutani. Betri zikichoka tulizianika juani, zikapata uhai wa nusu saa. Sikujua kwamba nimeshika nakala ya nakala ya mambo ya Yokoi na Pajitnov.

Yokoi naye alianguka. Mwaka 1995 alitoa Virtual Boy, kidude cha kuchungulia kama darubini, chenye picha nyekundu tupu. Kiliumiza macho, kikauzwa chini ya milioni moja, kikaondolewa sokoni haraka. Mwaka uliofuata aliacha kazi baada ya miaka 31. Watu huunganisha mambo hayo mawili, ingawa mwenyewe alieleza kuwa alikuwa na mpango wa kuondoka tangu zamani.

Alianzisha kampuni yake ndogo, Koto, akaanza kubuni kifaa kingine kwa ajili ya Bandai. Hakukiona kikiuzwa. Tarehe 4 Oktoba 1997, kwenye barabara kuu ya Hokuriku, gari alilopanda liligongana na lori. Akashuka kuangalia uharibifu, gari jingine likamgonga. Alikuwa na miaka 56.

Kifaa kile, WonderSwan, kilitoka mwaka 1999. Betri moja ndogo, saa 30. Na hapa ndipo niliposimama. Mwaka 2000 kampuni ya Qute ilitoa kifurushi cha WonderWitch, ambacho mtu wa kawaida aliweza kukitumia kuandika gemu kwenye kompyuta yake kwa lugha ya C, kisha akaihamishia kwenye WonderSwan. Gemu moja iliyoandikwa hivyo ilishinda shindano, na mwaka 2004 ikauzwa kwenye kaseti kama gemu nyingine za dukani. Kuku wa kienyeji kaingia supamaketi.

Basi nikaacha kuuliza skrini ipi inang'aa. PSP ya mtumba niliikosa kidogo tu. Ina gemu nzuri za dukani, na watu wameiandikia za kienyeji nyingi, lakini Sony walikuwa wakiziba mianya kila toleo jipya la mfumo, na muuzaji hakujua yake ni toleo gani. Nilichukua kidude cha Kichina chenye umbo lilelile la Game Boy: unaweka faili kwenye memori kadi, kinafungua. Kilikuja na maelfu ya gemu zilizopakiwa ambazo sidhani kama mwenyewe alilipwa hata senti. Nilizifuta karibu zote. Wana walisikitika sana.

Mpango wangu wenyewe ulikuwa huu. Skrini ya Game Boy ina nukta 160 kwa 144, na hupangwa kwa miraba midogo, 20 kwenda kulia na 18 kwenda chini. Daftari la hesabu lina miraba. Kidato cha pili wanasumbuka na grafu, hawaoni x na y zina faida gani. Kuna programu ya bure, GB Studio, inayotengeneza gemu za Game Boy bila kuandika msimbo. Wao wangechora kwenye daftari, mimi ningeingiza kwenye laptopu usiku, kesho wangeicheza.

Nilishuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay na kidude ndani ya soksi. Umeme ulikuwa unakatika, laptopu ikafa mara kwa mara, lakini kidude nilikichaji kwa paneli ndogo ya sola ya mwenye nyumba. Wiki mbili za kwanza walichora magari tu. Wiki ya tatu binti mmoja, ambaye darasani hakuwahi kunyoosha mkono, akaleta mtumbwi, karabai na usipa. Mwanga unavuta samaki, lakini kila hatua inapunguza mafuta ya karabai, na ukiwa mbali na ufukwe yakiisha umepotea.

Tulipoijaribu, mtumbwi ukapita juu ya nchi kavu na kuingia shuleni. Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Alichukua daftari, akahesabu miraba ya ufukwe mmoja mmoja, akaiandika x na y zake zote pembeni, kisha akaniomba kidude kikae kwake hadi Jumatatu. Laki moja na nusu ya boom, mwambao, Ijumaa jioni. Nikampa, pamoja na paneli.