MAREHEMU NUHU MBOGO, MZEE WA WAISLAMU WA BUGANDA

Bismillahi. Katika kijitabu hiki cha ukumbusho tumeona inafaa kuwakumbusha wasomaji wetu, hasa vijana, habari za mtu ambaye jina lake hutajwa mara nyingi katika mikutano yetu, lakini maisha yake hayajulikani ila kwa wachache. Watu husema kwamba kiongozi hana budi kuwa na moyo wa matumaini, akitazama lililobaki mkononi kuliko lililopotea. Maneno hayo ni mepesi kutamka. Marehemu Nuhu Mbogo yalimfikia katika mambo mazito ya ufalme, vita na uhamisho.

Mbogo alikuwa mwana wa Kabaka Suna wa Pili, na ndugu yake Kabaka Mutesa wa Kwanza aliyetawala tangu 1856 hata 1884. Dini ya Kiislamu ilikuwa imekwisha kuingia Buganda zamani za baba yao, ilipoletwa na wafanya biashara wa pwani mnamo mwaka 1844. Kuzaliwa mwana wa mfalme siku hizo haikuwa neema tupu. Ndugu za Kabaka walihesabiwa kuwa hatari kwa kiti chake, wakatiwa kizuizini, na wengi wakauawa. Mbogo alisalimika. Alisalimika tena mwaka 1889, wakati Kabaka Kalema, naye Mwislamu, alipowaua jamaa wengi wa nyumba ya kifalme ili pasibaki wa kumpinga. Mtu aliyeponea mara mbili namna hiyo angaliweza kuishi maisha yake yote kwa hofu na chuki, wala asingelaumiwa.

Mwaka 1888 Waislamu na Wakristo walishirikiana kumwondoa Kabaka Mwanga, kisha wakagombana wenyewe kwa wenyewe. Waislamu walishika nchi kwa muda, lakini mapema mwaka 1890 walishindwa wakarudi nyuma mpaka mipakani mwa Bunyoro. Huko Kalema akafa kwa ndui. Ndipo wafuasi wake walipomtazama Mbogo, mtu mzima kuliko wana wa wafalme waliosalia, wakamfanya mkuu wao. Tafakari, ewe msomaji, alichokirithi. Hakurithi jumba wala hazina. Alirithi watu waliokimbia makwao, wenye njaa na maradhi, na wenye kiu ya kulipiza kisasi. Mwezi wa Mei 1891 walipigwa tena vibaya na jeshi la Kapteni Lugard pamoja na Waganda wa upande wa Mwanga.

Mwaka uliofuata Lugard alitafuta mapatano. Mjumbe alikuwa Selim Bey, afisa wa askari wa Kisudani, ambaye mwenyewe alikuwa Mwislamu, na neno lake lilikuwa dhamana ya usalama wa Mbogo. Hapa ndipo penye uzito wa habari yote. Kwenda Kampala maana yake ni kujitia mikononi mwa mpwa wake Mwanga, yaani mtu ambaye Waislamu walimpokonya kiti. Wafuasi wake waliogopa, nao walikuwa na haki ya kuogopa. Kukaa porini nako maana yake ni kuendelea kuzika watoto. Mbogo alichagua kwenda. Mwezi wa Mei 1892 aliingia Kampala, na alipokutana na Mwanga wazee na vijana walitazama huku wanashusha pumzi: mtu na mpwa wake walishikana mikono kwa muda mrefu, wakawekeana vichwa mabegani. Waislamu wakapewa majimbo matatu ya kukaa: Butambala, Gomba na Busujju.

Wako wanaosema, hata leo, kwamba siku ile Mbogo aliuza haki ya Waislamu. Mimi sikubaliani nao. Haki ile haikuwa tena ya kuuzwa. Ilikwisha kupotea vitani. Alichofanya ni kuwapa watu wake ardhi ya kulima na mahali pa kuswali. Asiyepata kumwongoza mkimbizi hata mmoja ni rahisi kwake kudai kwamba wangalipigana mpaka mtu wa mwisho.

Amani hiyo haikudumu sana. Mwaka 1893 palizuka fitina baina ya serikali ya Waingereza, Waislamu wa Buganda na Selim Bey. Selim Bey alikamatwa, akafia njiani, Naivasha, alipokuwa akipelekwa pwani. Waislamu walinyang'anywa Gomba na Busujju, wakabakiwa na Butambala peke yake. Mbogo akahamishwa Unguja. Miaka miwili alikaa mbali na watu wake, akarudishwa mwaka 1895.

Basi mwenye kinyongo alipata nafasi yake mwaka 1897. Mwezi wa Julai Mwanga aliasi, akashindwa, na mwanawe mchanga Daudi Chwa akatawazwa. Miezi michache baadaye askari wa Kisudani nao wakaasi juu ya mishahara midogo na safari zisizokwisha, wakashika ngome ya Luba katika Busoga. Walitaka Waislamu wa Buganda wajiunge nao, na Mbogo awe mfalme. Kiti alichokikosa miaka saba nyuma sasa kililetwa mlangoni pake, tena na watu wa dini yake, dhidi ya serikali iliyomhamisha. Alikataa. Hakuona katika bunduki za waasi kheri ya kuwazidishia Waislamu zaidi ya ile Butambala iliyobaki, na wengi wa wafuasi wake wakatulia kwa sababu yake. Nadhani kazi kubwa kuliko zote alizofanya ni hiyo ya kutotenda, nayo haionekani katika picha yoyote.

Katika Mapatano ya Uganda ya mwaka 1900 aliandikiwa ardhi ya maili mraba 24, yeye na wafuasi wake, na malipo ya pauni 250 kwa mwaka muda wa uhai wake, kwa sharti ya kuziacha haki nyingine zote alizoweza kuzidai. Ikilinganishwa na walichopata wengine, ardhi ile ilikuwa haba. Lakini toka hapo hata alipofariki mwaka 1921 nyumba yake ilikuwa ndiyo baraza ya Waislamu, na serikali ilimtambua kuwa msemaji wao.

Baada ya kufa kwake umoja ulipasuka. Waislamu waligawanyika juu ya swala ya Ijumaa, kama Adhuhuri iswaliwe tena baada yake au isiswaliwe, na mzozo huo ulichukua miaka mingi. Mwanawe Badru Kakungulu, aliyezaliwa mwaka 1907, alikuwa bado kijana mdogo. Alipokua alitoa ardhi ya kilima cha Kibuli kwa ajili ya msikiti na shule. Msikiti ulifunguliwa mwaka 1951, na kutoka mnarani mwake mtu huutazama mji wa Kampala wote, ule ule ambao babake aliuingia Mei 1892.