Dk. Burkitt: Mpasuaji aliyeufuatilia uvimbe unaosikia dawa

BARIDI ya Karatu na ya ukingo wa Kreta ya Ngorongoro ina nafasi yake katika historia ya tiba ya saratani duniani, ingawa ni wachache wanaolifahamu hilo.

Historia hiyo inamhusu Dk. Denis Burkitt, mpasuaji aliyezaliwa Februari 28, 1911 mjini Enniskillen, Ireland. Alipoteza jicho moja kwa ajali akiwa na umri wa miaka 11, lakini hilo halikumzuia kushika kisu cha upasuaji.

Alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira, kisha akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 mwenzake, Dk. Hugh Trowell, alimwita amwangalie mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda mfupi baadaye alimkuta mwingine wa namna hiyo mjini Jinja. Wakati huo, watoto waliopatwa na uvimbe huo walifariki dunia ndani ya miezi michache.

Alipoona kisu hakisaidii, Burkitt alianza kuuliza ugonjwa huo unapatikana wapi. Oktoba 1961, yeye na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson walifunga safari ya kilomita zipatazo 16,000 kwa gari kuukuu, wakapita Tanganyika na nchi nyingine hadi Afrika Kusini, wakizitembelea hospitali njiani.

Ilibainika kuwa karibu na Ikweta uvimbe huo ni nadra juu ya mita 1,500. Kwa kipimo hicho, mji wa Karatu uko mpakani, na ukingo wa Ngorongoro, wenye zaidi ya mita 2,200, uko nje kabisa. Siri haikuwa mwinuko wenyewe, bali joto na mvua vinavyostawisha mbu wa malaria. Malaria ya mara kwa mara ilikuja kuhusishwa na ugonjwa huo, sambamba na virusi vya Epstein-Barr vilivyogunduliwa London mwaka 1964 katika sampuli zilizotoka Uganda.

Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, hivyo Burkitt akajaribu dawa. Kwa baadhi ya watoto uvimbe uliyeyuka katika siku chache, na wapo waliopona kwa dozi moja tu. Kwa wengine ulirudi. Nani angepona?

Yeye na wenzake walijifunza kulitabiri jibu kwa kumchunguza mgonjwa. Mwenye uvimbe mdogo wa taya alikuwa na matumaini makubwa kuliko aliyejaa uvimbe tumboni au aliyeathirika ubongo. Seli za uvimbe huo huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na dawa hizo hushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi.

Mwaka 1967 kituo cha kutibu uvimbe huo kilifunguliwa Kampala, kikawa chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda. Leo maabara husoma hata vinasaba vya uvimbe kabla ya daktari kuchagua dawa.

Burkitt, aliyeondoka Uganda mwaka 1966, alifariki dunia Machi 23, 1993 nchini Uingereza. Somo lake bado lina uzito kwa wazazi: mtoto anayefikishwa hospitali uvimbe ukiwa mdogo ndiye mwenye nafasi kubwa ya kupona.