Kermit Roosevelt: 'Rafiki wa Waarabu' aliyeiangusha serikali ya Iran

Miongoni mwa maswali ninayoulizwa mara kwa mara na vijana katika madarasa ya elimu ya dini ni hili: Je, ni kweli kwamba Marekani hupindua serikali katika nchi za Waislamu, au hayo ni maneno ya kujifariji ya watu walioshindwa? Swali hili silikwepi. Huwa nawaambia waache kwanza kubishana, wasome maisha ya mtu mmoja tu, Kermit Roosevelt. Habari zake hazitokani na uvumi wa barazani. Nyingine aliziandika mwenyewe, na nyingine zimo katika nyaraka za shirika alilolitumikia, yaani shirika la kijasusi la Marekani, CIA.

Kermit Roosevelt alizaliwa Buenos Aires, Argentina, mwaka 1916. Babu yake ni Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani. Wasomaji wa Mombasa huenda wamepata kusikia kwamba Aprili 1909 rais huyo mstaafu alishuka katika bandari yao, akapanda reli ya Uganda na kwenda bara kuwinda wanyama. Alifuatana na mwanawe aliyeitwa Kermit, na huyo ndiye baba wa huyu ninayemzungumzia. Miaka mingi baadaye mjukuu naye alikuja Afrika Mashariki kufuata nyayo za safari hiyo, na mwaka 1963 akachapisha kitabu juu yake.

Kijana huyo alisoma Chuo Kikuu cha Harvard na akawa mwalimu wa historia. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto aliingia katika idara ya ujasusi ya Marekani ya wakati huo, OSS, na huko ndiko alikoanza kuyajua mambo ya Mashariki ya Kati. Vita vilipokwisha akawa mwandishi na mchambuzi wa siasa za eneo hilo. Mwaka 1949 alitoa kitabu juu ya Waarabu, mafuta na historia.

Hapa ndipo penye ajabu, na naomba msomaji apatie mazingatio. Mwaka 1948, Palestina ilipokuwa inakatwakatwa, Kermit Roosevelt alikuwa miongoni mwa Wamarekani wachache walioupinga waziwazi mpango wa kuigawa nchi ile. Aliandika makala ndefu akieleza jinsi mashinikizo ya kisiasa yalivyotumika ili Umoja wa Mataifa upitishe mgawanyo huo. Alishiriki kuunda kamati ya Wamarekani ya kutetea haki katika Ardhi Takatifu, na mwaka 1951 ikaundwa jumuiya nyingine ya marafiki wa Mashariki ya Kati, naye akiwa mmoja wao. Waarabu wengi walimwona ni mtu wao. Ilipofika mwaka 1967 ndipo ikafichuka kwamba jumuiya ile ilikuwa ikiendeshwa kwa fedha za siri za CIA.

Sasa twende Iran. Kwa miaka mingi mafuta ya nchi hiyo yalikuwa mikononi mwa kampuni ya Kiingereza, ile ambayo baadaye ilikuja kuitwa BP. Wenye mafuta walipata makombo. Mwaka 1951 Bunge la Iran lilipitisha sheria ya kuyataifisha, na Dk. Mohammad Mossadegh akawa Waziri Mkuu kwa kura za Bunge hilo. Waingereza walihamaki, wakazuia mafuta ya Iran yasiuzwe duniani, na wakaanza kula njama. Oktoba 1952 Mossadegh akavunja uhusiano nao na kuufunga ubalozi wao. Kwa kuwa hawakuwa tena na pa kukaa mjini Tehran, wakaenda kuomba msaada Washington.

Rais Truman hakuwa tayari kwa jambo hilo. Lakini Januari 1953 aliingia Eisenhower, pamoja na ndugu wawili, John Foster Dulles akishika Wizara ya Mambo ya Nje na Allen Dulles akishika CIA. Hao waliaminishwa kwamba Mossadegh asipoondolewa, Iran itaangukia kwa wakomunisti. Aprili 1953 zikaidhinishwa dola milioni 1 kwa kazi ya kumwangusha. Aliyepewa kazi ni yule yule mtetezi wa Palestina, Kermit Roosevelt.

Julai 1953 aliingia Iran kwa gari akitokea Iraq, akitumia jina la bandia. Usiku alikuwa akipelekwa katika kasri ya Shah akiwa amejificha ndani ya gari chini ya blanketi, ili amshawishi mfalme huyo mwoga atie saini amri ya kumfukuza Waziri Mkuu. Wakati huo huo fedha zilikuwa zinafanya kazi yake. Historia ya siri ya CIA yenyewe, iliyofichuliwa na gazeti la New York Times mwaka 2000, inaeleza kwamba ziliidhinishwa dola 11,000 kwa wiki za kuwanunua wabunge. Mwenye gazeti mmoja alipewa mkopo wa dola 45,000 ili gazeti lake liandike yatakiwayo.

La kuumiza zaidi ni hili. Mawakala wa Kiirani waliolipwa na CIA walijifanya wakomunisti, wakawatishia masheikh na viongozi wa dini kwamba watakiona cha moto wakimpinga Mossadegh. Nyumba ya mmoja wao ilipigwa bomu. Lengo lilikuwa kuwafanya waumini waone kwamba dini yao inashambuliwa na serikali, ili ghadhabu yao ya kuitetea dini igeuzwe kuwa silaha ya kurudisha mafuta kwa wageni.

Jaribio la kwanza, usiku wa kuamkia Agosti 16, lilishindwa. Kanali aliyepeleka amri ya Shah alikamatwa, na Shah akakimbilia Baghdad, kisha Roma. Wakubwa wa Washington walikata tamaa, lakini Kermit Roosevelt hakuondoka. Nakala za amri ya Shah zilichapishwa na kusambazwa mitaani, na Agosti 19 makundi ya watu, wakiwemo wahuni wa kukodiwa, yakaandamana kumuunga mkono Shah. Baadhi ya wanajeshi wakajiunga nao kwa vifaru. Hadi jioni mamia ya watu walikuwa wameuawa, Mossadegh ameanguka, na Jenerali Zahedi ameshika serikali. Shah akarudi siku chache baadaye.

Mwaka 1954 mafuta yakagawanywa upya: kampuni ya Kiingereza ikabaki na asilimia 40, na makampuni ya Kimarekani, ambayo awali hayakuwa na kitu, yakapata asilimia 40. Mossadegh alifungwa miaka 3, kisha akawekwa kizuizini kijijini kwake hadi alipofariki mwaka 1967. Kermit Roosevelt alipewa nishani kwa siri na Rais Eisenhower. Baadaye aliacha kazi ya ujasusi, akawa mkubwa katika kampuni ya mafuta ya Gulf, kisha mshauri wa makampuni yaliyotafuta biashara katika nchi zile zile alizokuwa akizipeleleza. Mwaka 1979, mwaka ule ule Shah alipopinduliwa, alitoa kitabu akijisifia kazi yake ya 1953. Alifariki mwaka 2000 akiwa na miaka 84. Mwaka 2013 CIA wakakiri katika nyaraka zao kwamba mapinduzi yale yalikuwa kazi yao.

Kwa hiyo anayesema kwamba haya ni hadithi za kutunga, hajui historia. Lakini nina neno pia kwa wale ambao kila msiba wa Umma wanausukuma kwa mabeberu kisha wanalala usingizi.

Kermit Roosevelt hakuja Tehran na jeshi. Alikuja na watu wachache na masanduku ya noti. Waliouza kura zao bungeni, waliouza kalamu zao na waliouza ngumi zao mitaani walikuwa wenyeji, na wengi wao walikuwa na majina kama yetu. Mossadegh naye aliwarahisishia kazi pale alipogombana na washirika wake wa zamani, akiwemo Ayatullah Kashani, na kulivunja Bunge kwa kura ya maoni ambayo wengi waliitilia shaka. Roosevelt mwenyewe aliwaonya wakubwa zake kwamba mbinu ile haiwezi kufaulu pasipo wenyeji, na hasa jeshi, kuitaka. Walipotaka kuirudia Guatemala mwaka 1954, alikataa kuiongoza.

Halafu kuna suala la urafiki. Sioni sababu ya kusema kwamba makala yake ya mwaka 1948 yalikuwa ya uongo. Huenda aliamini kila neno. Lakini maslahi ya dola yake yalipomwita, mapenzi yake kwa watu wa Mashariki hayakumzuia hata siku moja. Tujifunze kumpima anayetutetea kwa kuangalia anamtumikia nani na anakula kwa nani, kabla hatujamfungulia milango ya misikiti na taasisi zetu.

Qur'an imetuamrisha kuichunguza habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Waumini wa Tehran waliotishwa kwa sauti za bandia mwaka 1953 hawakupata nafasi ya kujua nani alikuwa anawapigia simu. Leo ujumbe wa kuwachochea Waislamu wa msikiti huu dhidi ya msikiti ule hufika katika simu zetu kila siku, hauna jina wala anwani, nasi tunausambaza kabla ya kuuliza umetoka wapi na nani atafaidika tukigombana. Wanaofanya kazi kama ya Kermit Roosevelt hawatuhitaji tuwapende. Inawatosha tukiwa wepesi wa kukasirika na wazito wa kuuliza.

Wallahu a'lam.