Jules Bordet, muganga wa kifaduro mwenye jina lake liko mu kikohozi cha mbwa

Mwenye kuchunga vitu vyake na mbwa kule mu karière anajua ile kikohozi: kavu, ya nguvu, kama vile mufupa umekwama ku koo, na mwisho mbwa anatema povu. Kisha siku chache mbwa wa jirani naye anaanza. Mikrobi moja kati ya zile zenye kuleta kikohozi hiyo inaitwa Bordetella bronchiseptica, na jina linatoka kwa Mubelgiji mumoja, Jules Bordet.

Alizaliwa Soignies mwaka 1870, akamaliza masomo ya uganga Bruxelles akiwa na miaka 22 tu. Kutoka pale akaenda Paris, ku Institut Pasteur. Kule njo alionyesha kwamba damu inaua mikrobi kwa vitu viwili vyenye kusaidiana: kimoja kinatokea kisha mutu kuugua ao kuchanjwa, kingine kila mutu anacho tangu mbele. Mwaka 1897 alikuwa Transvaal, kule Afrika ya kusini, juu ya sotoka iliyokuwa inamaliza ng'ombe. Kumbe magonjwa ya nyama aliyazoea mapema.

Mwaka 1901 akarudi Bruxelles kuongoza institut mupya. Kifaduro ilikuwa inaua watoto wengi, na mikrobi yake alikuwa ameisha kuiona ndani ya makohozi ya mutoto. Lakini kuiona ni kitu kimoja, kuikomesha ndani ya chupa ni kingine, ilikataa. Yeye na mwenzake Octave Gengou wakahangaika miaka. Iliyoikubalisha, mwaka 1906, ni chakula cha viazi vya kizungu, gliserini na damu. Sisi tunaona hapa njo ukubwa wake, kupita hata Prix Nobel ya 1919, maana bila kukomesha mikrobi hakuna chanjo.

Ile ya mbwa hakuigundua yeye. Mumarekani Ferry aliipata kwa mbwa karibu na mwaka 1910, akazani njo inaleta ile maladi kubwa ya mbwa wadogo, kumbe ile ni virusi. Nyuma sana, Bordet akiwa muzee, wenye elimu waliweka mikrobi hizo mbili mu jamaa moja na kuipa jina lake.

Wakati wa vita ya 1914 aliandika kitabu kinene juu ya namna mwili unajikinga. Mwaka 1940 mwana wake Paul akashika uongozi wa institut. Muzee alikufa Aprili 1961, hata mwaka haujatimia kisha uhuru wetu.

Chanjo ya kikohozi cha mbwa inatonewa ndani ya pua mara nyingi, na nguvu yake ni karibu mwaka mumoja. Tusichanganye: ile ya kichaa ni ingine, na njo inaokoa watu. Mbwa mukubwa anapona kwa kawaida peke yake. Kitoto chake kinaweza kushikwa na mapafu.

Kwa mutoto wa mutu, chanjo ya kifaduro iko ndani ya sindano ya juma la 6, la 10 na la 14. Mama anatoka Kisangani na kichanga, anafuata bwana mu karière, karti inabaki nyumbani. Sindano ya pili inapita, na mutoto mwenye miezi mitatu analala mu kibanda kimoja na watu kumi wenye kukohoa.