Kenneth Iverson: Mtoto wa shamba aliyefupisha kazi za kompyuta

IWE ni kahawa ya milima ya Umatengo au mpunga wa ufukwe wa Ziwa Nyasa, daftari la mavuno huwa ni orodha ndani ya orodha: kata ina vijiji, kijiji kina wakulima, na kila mkulima ana kilo zake. Kuiagiza kompyuta ijumlishe kilo za kila kijiji peke yake kulihitaji, katika lugha za zamani za programu, mistari mingi ya maelekezo.

Aliyeonyesha kuwa kazi za namna hiyo zaweza kuandikwa kwa alama chache ni Kenneth Iverson, aliyezaliwa Desemba 17, 1920, Camrose, nchini Kanada. Aliacha shule mapema akafanya kazi shambani kwao, na masomo ya sekondari akayasoma kwa njia ya posta akiwa Jeshi la Anga wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1954 alipata shahada ya uzamivu Harvard, akafundisha hapo, na alama zake akazibuni kwa ajili ya wanafunzi.

Harvard haikumpa ajira ya kudumu. Mwaka 1960 alihamia IBM, na mwaka 1962 akatoa kitabu A Programming Language, kilichoipa jina lugha ya APL. Tuzo ya Turing aliipata mwaka 1979.

Katika APL, alama ya kujumlisha ikifuatwa na mkwaju hujumlisha orodha nzima. Kasoro ilikuwa kwamba APL ya awali ilikubali majedwali yenye mistari ya urefu sawa tu, ilhali vijiji havilingani kwa idadi ya wakulima. Miaka ya 1980, APL2 ya IBM iliruhusu orodha ndani ya orodha, ikiwa na alama ya nukta mbili yenye maana ya kila kimoja.

Iverson, aliyekwisha kuondoka IBM mwaka 1980, alikwenda mbali zaidi. Katika lugha ya J, aliyoibuni na Roger Hui kuanzia mwaka 1989, mwandishi hutaja kwa tarakimu ngazi ya kufanyia kitendo, ikihesabiwa kutoka chini. Faida yake si ndogo. Mbamba Bay na Liuli zilipotengwa na Mbinga kuwa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012, daftari la pamoja lilihitaji ngazi mpya juu, ya wilaya. Agizo la kujumlisha kijiji lililoandikwa kwa J lisingebadilika hata herufi.

Wapo waliolalamika kuwa alama za APL hazimo katika kibodi za kawaida, na walikuwa na haki. J hutumia zile zilizopo.

Oktoba 16, 2004, akiwa na umri wa miaka 83, Iverson alipatwa na kiharusi akiwa kwenye kompyuta yake, akiandaa somo la J. Alifariki dunia siku tatu baadaye, Toronto.