Charles Sutherland Elton

Charles Sutherland Elton (29 Machi 1900 – 1 Mei 1991) alikuwa mwanazuolojia wa Uingereza na mmoja wa waanzilishi wa ekolojia ya wanyama. Anajulikana hasa kwa utafiti wake kuhusu kuongezeka na kupungua kwa wagugunaji wadogo, wakiwemo lemingi wa tundra ya Aktiki.

Maisha ya awali

Elton alizaliwa Manchester. Alisoma zuolojia katika Chuo Kikuu cha Oxford na kuhitimu mwaka 1922. Akiwa bado mwanafunzi, mwaka 1921, alishiriki safari ya kitaaluma kwenda visiwa vya Spitsbergen, akarudi huko 1923 na 1924.

Utafiti

Spitsbergen hakuna lemingi. Lakini mwaka 1923, akiwa Tromsø nchini Norwei, Elton alinunua kitabu cha Robert Collett kuhusu mamalia wa nchi hiyo. Humo alikuta kumbukumbu za miaka ambayo lemingi walifurika. Aligundua kwamba miaka hiyo hurudi kila baada ya mitatu au minne, akatoa makala juu yake mwaka 1924.

Ilibaki shida moja: jinsi ya kuwahesabu wanyama katika nchi pana yenye watu wachache. Kuanzia 1925 hadi 1931 alikuwa mshauri wa Kampuni ya Hudson's Bay, iliyonunua manyoya nchini Kanada tangu karne ya 17. Lemingi wakiwa wengi, mbweha wa Aktiki hushiba na kuzaa sana. Lemingi wakiisha, mbweha nao hupungua. Hivyo vitabu vya hesabu za ngozi vilionyesha mabadiliko ya miaka mingi. Hata hivyo, ngozi zilizouzwa hutegemea pia bei na bidii ya wawindaji. Kwa hiyo wafanyabiashara wa vituo vya mbali walipelekewa fomu za maswali kuhusu wanyama waliowaona.

Mwaka 1932 Elton alianzisha Oxford ofisi ya kuchunguza idadi za wanyama, iliyofanya kazi hadi 1967. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitafuta njia za kudhibiti panya walioharibu chakula. Kitabu chake kikubwa kuhusu wagugunaji kilitolewa 1942.

Urithi

Elton alipinga wazo kwamba idadi ya wanyama porini hubaki ileile. Chanzo cha mizunguko ya lemingi bado kinajadiliwa. Watafiti wa tundra huendelea kuwahesabu kwa mitego na kwa viota vinavyoonekana theluji inapoyeyuka.