Sidi Mubarak Bombay

Sidi Mubarak Bombay (takriban 1820 – 12 Oktoba 1885) alikuwa mkalimani na kiongozi wa misafara katika Afrika ya Mashariki. Anakumbukwa hasa kwa kushiriki katika utafutaji wa chanzo cha mto Nile pamoja na John Hanning Speke.

Utoto na utumwa

Alizaliwa katika nchi ya Wayao, karibu na mpaka wa sasa wa Tanzania na Msumbiji. Akiwa mtoto alikamatwa, akapelekwa Kilwa, kisha Zanzibar, ambako alinunuliwa na mfanyabiashara Mhindi aliyemchukua hadi Bara Hindi. Huko alijifunza Kihindustani. Bwana wake alipofariki alipata uhuru, akarudi Zanzibar na kuwa askari wa Sultani.

Safari ya Mwanza

Mwaka 1857 aliajiriwa na Richard Burton na Speke. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili, ila Kihindustani kidogo alichojifunza jeshini, hivyo alimtegemea Bombay kuzungumza na watu wa njiani.

Mnamo Julai 1858 Burton, aliyekuwa mgonjwa, alibaki Kazeh, karibu na Tabora ya leo. Speke na Bombay walielekea kaskazini, na tarehe 3 Agosti walifika Mwanza, mahali ambapo leo kata kama Igogo zimejengwa kando ya ghuba. Wenyeji waliliita ziwa hilo Nyanza. Speke akalipa jina la malkia Viktoria wa Uingereza. Aliamini kwamba ndilo chanzo cha Nile, ingawa hakuuona mto ukitoka humo.

Burton alikataa. Hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba Bombay hakukielewa vizuri Kihindustani kibovu cha Speke, kwa hiyo majibu aliyoletewa hayakuaminika.

Safari zilizofuata

Mwaka 1860 Bombay aliondoka tena na Speke, pamoja na James Grant. Tarehe 28 Julai 1862 Speke alifika karibu na Jinja, Uganda, mto unapotoka ziwani. Kisha msafara ulifuata Nile hadi Misri.

Mwaka 1871 Bombay alimsindikiza Henry Morton Stanley kumtafuta David Livingstone, waliyemkuta Ujiji. Kuanzia 1873 hadi 1875 alivuka bara na Verney Lovett Cameron, kutoka Bagamoyo hadi pwani ya Angola. Mwaka huohuo wa 1875 Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua akianzia Kageye, mashariki ya Mwanza, na kuthibitisha dai la Speke.

Kumbukumbu

Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunuku Bombay medali ya fedha, na mwaka 1876 kilimpa pensheni. Hakuacha maandishi yake mwenyewe. Karibu yote yanayojulikana juu yake yanatoka katika vitabu vya waajiri wake. Humo Speke anausifu uaminifu wake, lakini Speke na Stanley wote wanaeleza pia kwamba walimpiga.